Mtu wa Upande wa Nje

Kabla hajakusalimu, alikutazama kwa ngumi. Alikunja mkono wa kulia, akaacha katundu kati ya vidole, akakaweka jichoni na kukusogelea mpaka ukasikia harufu ya tumbaku yake. Alichotazama ni jicho lako la kushoto tu. Uso uliobaki haukumhusu hata kidogo. Akishamaliza, alishusha mkono na kusema, "Bon. Haiko ule," yaani si yule, na hapo ndipo alipokupa mkono kama mtu mwingine yeyote. Wanaume waliohamia avenyu yetu walidhani ana wazimu. Sisi wenyeji tuliwacheka wao, maana wengi walirudi nyuma hatua mbili, na mmoja alikimbia kabisa akaacha kofia.

Sijui alizaliwa kijiji gani, wala baba yake alikuwa nani. Tulimwita Papa Shodronye. Hicho ni Kifaransa kilichopita kwenye meno yetu kikatoka hivyo, na maana yake ni fundi wa kuunga mabati mazito, yale ya boila na ya mashua. Mji ulikuwa bado unaitwa Élisabethville. Yeye alifanya kazi kwenye karakana ya treni, na lupango lake, yaani kiwanja chake, lilipakana na letu, ukuta kwa ukuta. Niliishi jirani naye tangu nikiwa natambaa mpaka nilipoolewa, na bado hakuna wiki inayopita bila kumkumbuka. Nikisikia mtu anagonga bati mahali fulani, nageuka.

Sikio lake la kulia lilikufa kwa kelele za nyundo. Ungeweza kumpigia kelele upande huo mpaka ukauke koo, asigeuke. Lakini chuma kilicholegea alikisikia kutoka mbali. Alipita barabarani akigonga kila kitu kwa kifundo cha kidole: mapipa ya maji, baiskeli za watu, milango, hata kitanda cha mama yangu siku alipokuja kumwona mgonjwa. "Hii iko inalegea," alisema, na haikupita muda ikaanguka. Siku moja alimwambia padri wetu kwamba ulimi wa kengele ya kanisa umelegea. Padri alicheka, akamwambia asali zaidi na asikilize kengele kidogo. Sikukuu ya Pentekoste, katikati ya ubatizo, ule ulimi ukashuka kutoka juu mpaka chini, paa! Ulitua karibu na wasimamizi wa watoto, na mama mmoja akapiga yowe hata mtoto wake akanyamaza. Papa Shodronye alikuwa amekaa benchi la nyuma, amesinzia. Alifumbua jicho moja, akasema, "Njo ile," yaani ndiyo ile, akalifumba.

Mwenyewe, nyumba yake ilijaa vitu ambavyo havikwisha. Hilo ndilo lililokuwa linamshangaza mama yangu: fundi mwenye mikono kama ile, na kiti chake kina miguu mitatu! Kazi ikikatika njiani, kwa kukosa chuma au kwa kuitwa mahali, alichonga kijiti cha mti, akakisukuma kwenye tundu lililobaki wazi, akaondoka. Kijiti hicho kilikuwa sheria yake. Maana yake: hapa ni petu, tutarudia, mtu mwingine asiguse.

Alianza kuiziba sufuria kubwa ya mama, ile ya kupikia bukari, ugali wetu, wakati wa matanga. Rivet, ile misumari minene isiyochongoka anayoungia mabati, ikampungukia. Akatia kijiti. Mama alisubiri wiki ya kwanza, akasubiri ya pili, na kila akiuliza alijibiwa, "Mama, kijiti iko pale, ao haiko?" Mwisho akachoka, akaipeleka kwa fundi mwingine wa sokoni, naye akaking'oa kijiti na kumaliza kazi kwa dakika chache. Mama wee! Papa Shodronye alipoiona ile sufuria motoni hakugomba. Alisimama, akatazama tundu lilipokuwa, na machozi yakamtoka mbele yetu sote, mwanaume mzima, kwa sababu ya sufuria. Akarudi kwake na asituongeleshe wiki tatu. Mama alijuta mpaka akampelekea kuku. Kuku alipokelewa, maneno hayakurudi mpaka wiki ya tatu ilipotimia.

Kisha kulikuwa na habari ya kuagana. Kwetu hakuna aliyeweza kutoka langoni bila kuagana naye, hata kama alikuwa anakwenda kununua chumvi. Alikuja mbio akichechemea, maana goti lake moja halikukunjika tangu boila ilipomwangukia, akakushika mkono: "Unaenda? Bon, uende muzuri." Ukishaagwa ulikuwa huru. Asubuhi moja baba yangu aliitwa kazini Kipushi kwa haraka, akapanda lori bila kuaga mtu. Papa Shodronye aliporudi kutoka zamu na kusikia, alipanda baiskeli na goti lake lile, akaenda Kipushi. Kipushi! Alifika jua linaelekea kushuka, vumbi mpaka kwenye nyusi, akamtafuta baba kati ya wachimbaji, akamtazama, akasema, "Uliondoka bila kusema kintu. Bon, uende muzuri." Akageuza baiskeli. Baba alisimulia kisa hicho maisha yake yote, na wenzake wa Kipushi walimwita baba "Uende Muzuri" mpaka alipostaafu.

Lakini yeye mwenyewe hakuaga kamwe. Neno "naenda" halikutoka kinywani mwake. Alipotoka kwetu alisema, "Minakuya," yaani nakuja. Alipokwenda zamu, "Minakuya." Siku alipobebwa kwenda hospitali na lile goti, damu inatiririka, alituinulia mkono kutoka kwenye machela: "Minakuya, minakuya." Tulimtania sana. Mama yangu alisema huyu hata akifa atatuambia anakuja, tusizime moto.

Mama alijaribu kumwoza. Alimtafutia mjane mmoja wa upande wa Luano, mwanamke safi, mwenye shamba la mihogo na ulimi mtamu. Tukapika sombe, majani ya mihogo, na samaki, tukamkalisha. Papa Shodronye akaingia, akakunja ngumi, akamtazama jicho la kushoto. "Haiko ule," akasema. Mjane akauliza, "Ule nani?" Papa alikuwa ameshageukia samaki. Mjane akanawa mikono, akala vizuri, akamshukuru mama kwa chakula, akaondoka, na njiani aliwaambia watu kwamba avenyu yetu ina majini. Mama alikasirika na mimi nilicheka mpaka nikapigwa kofi.

Na kila jioni, kabla ya kula, aligonga ukuta wa bati uliotutenga. Mara mbili. Ko, ko. Kisha alitega lile sikio zima. Nilipokuwa na miaka kama saba nilijibu kutoka upande wetu, kwa mwiko: ko, ko, ko. Nilidhani ni mchezo. Alitokea langoni kwetu amekuwa kijivu, akaangalia nyuma yangu, kulia na kushoto, akaniona mimi na mwiko wangu. "Hapana kunijibu," akasema. "Hata siku moja, mutoto. Hapana kunijibu." Sikurudia. Lakini tangu siku ile nilijua kwamba kuna mtu ambaye Papa anamsubiri, na nilimwonea wivu mtu huyo kwa jinsi alivyosubiriwa.

Nilikuwa msichana mkubwa, najifunza kushona kwa masista, aliponiambia. Ilikuwa Jumapili baada ya misa, tunakunywa munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, kwake. Alikuwa anakula ndagala, vile visamaki vikavu vya ziwani, kimoja kimoja kama kawaida yake, kila kimoja akikiinua na kukitazama kwanza. Nikamtania: "Papa, hizo samaki nazo unazitafuta jicho?"

Akacheka. Kisha akaacha kucheka.

"Ndagala inapita muzuri kwenye tundu," akasema. "Karanga inapita. Tumbaku unasokota kwanza. Bukari haipiti."

Ndipo akanisimulia. Katika ziwa la Mweru, mbali kidogo na Pweto, kipo kisiwa. Serikali ya wazungu ilijenga gereza upande mmoja na karakana ya mashua upande wa pili. Yeye alikuwa fundi wa mshahara. Wafungwa walifanya kazi ambayo hakuna fundi aliyeitaka: ile ya ndani ya mashua, gizani, ambako kelele ya nyundo inazunguka na haina pa kutokea. Rivet inatiwa kutoka ndani ikiwa nyekundu ya moto. Mtu wa ndani anakandamiza kichwa cha rivet kwa chuma kizito, na mtu wa nje anapiga ncha mpaka itandazike. Hawaonani. Bati liko katikati. Wa nje anagonga mara mbili: niko tayari. Wa ndani anajibu mara tatu: imeshika, piga.

"Miaka mine na muntu mumoja," alisema. "Wanamuingiza mbele kengele yetu haijalia, wanamutoa sisi tumerudia ku nyumba. Sura yake siijui. Kutembea kwake sikukujua. Mi niliona paka jicho, jicho tu. Mbele haujatia rivet unaangalia kwenye tundu, na yeye anaangalia. Jicho ya kushoto, na kwenye weupe iko na doa, huku karibu na pua."

Kuongea na mfungwa kulikatazwa, kwa hiyo waliongea kupitia tundu, na humo humo akampenyezea chakula; maneno machache kila mara, kwa Kiluba, kabla chuma hakijapoa. Umekula nini leo. Mvua inakuja. Usiku uliota nini. Mazungumzo yaliyoanza tundu hili yalimalizikia tundu la kumi. Jina yule mfungwa hakumwambia, alisema atampa siku watakayokaa chini pamoja, nje, wakiwa na chupa. Kengele ya chakula ikilia kabla tundu halijazibwa, yule wa ndani alilitia kijiti ili kundi jingine lisije kulichukua. Tundu lenye kijiti lilikuwa lao.

Halafu ikaja krizi ya uchumi, shaba haikuuzika, na karakana ikafungwa siku moja, saa sita, bila tangazo. Alikuwa amegonga mara mbili. Kapita, msimamizi wao, akamkamata begani: mashua ya kuwavusha imefika, wafanyakazi wote ndani, sasa hivi, na askari wamesimama pale. Alisukumwa.

"Nilikuwa nimegeuka, mama. Njo nikasikia nyuma yangu: ko, ko, ko. Imeshika, piga. Nikatembea. Akarudia tena: ko, ko, ko. Mi nikapanda mu mashua." Alishika sikio lake zima, akalifunika. "Nilimuacha ameshika. Sikumuambia minaenda. Ni neno moja tu! Ningeita kwa nguvu, angesikia."

Alisikia baadaye, kwa wauza samaki, kwamba mwaka ule ule ugonjwa wa kuhara uliingia gerezani, na kwamba wengine waliachiliwa na wakaja mjini kutafuta kazi. Wepi walikufa na wepi walikuja, hakuna aliyejua. Kwa hiyo aliyatazama macho ya mji mzima. Nilimwuliza akimpata atamwambia nini. Alinitazama kana kwamba nimeuliza jambo la kijinga sana. "Nitamuambia minaenda," akasema. "Halafu nitakaa."

Miaka ikapita, nikaolewa, nikapata mtoto wa kwanza. Wauza samaki wakaleta habari mpya: gereza la kisiwani limepakwa rangi. Wazungu wamelifanya mahali pa kutembelea, kuna kibao na maua, na watu wanavushwa kwa mashua Jumapili kutazama mambo ya zamani. Mimi nilikuwa najiandaa kwenda Pweto kumwonyesha bibi yangu mtoto, na mimi na mume wangu tulikuwa tumekuja kwa mama kuaga. Papa Shodronye akaja langoni kwetu amevaa koti la misa siku ya kazi.

"Mama," akaniambia, "unaenda kule?"

"Ndiyo, Papa."

"Na mi minakuya."

Mume wangu alinong'ona kwamba mzee ni mzigo. Mama yangu akamkata: "Mupeleke. Ule papa hajaomba kintu hata siku moja." Tukasafiri sisi watatu, mimi, mtoto na mzee, na lori la samaki lililokuwa linarudi tupu, nalo lilinuka kama limejaa. Alikaa juu ya magunia akimbeba mtoto wangu, na njia nzima alikuwa akigonga ubavu wa lori na kumwambia dereva mahali palipolegea.

Tulipovushwa hadi kisiwani tulipokewa na kalani mmoja wa makamo, mwongoza wageni, kofia na kaptula iliyopigwa pasi, naye alijua maneno yake kwa moyo. Hapa ndipo wahalifu walipofundishwa kazi. Hapa wahandisi wa Kizungu walijenga mashua. Gereza lilikuwa jeupe, milango ya kijani, na kwenye kila dirisha wamepanda maua mekundu. Nilikasirika hata nikashindwa kusikiliza. Papa Shodronye hakutazama gereza. Alikuwa ameshaiona.

Ilikuwa juu ya magogo, pale pale walipoiacha, mashua kubwa ya bati ambayo haikuingia majini hata siku moja. Wameizungushia kamba. Akainama, akapita chini ya kamba, goti likitoa sauti.

"Papa! Hapana kugusa, ni ya ukumbusho!" Kalani alikuja mbio.

"Mi njo niliipiga."

"Wote wanasema vile."

Papa Shodronye akatembea ubavuni mwa mashua akigonga rivet moja moja kwa kifundo. "Hii ya kwetu. Hii ya kwetu. Hii si yetu, aliipiga muntu mulevi, iko inalegea, ijaribu." Kalani akaijaribu kwa kucha, ikazunguka. Akavua kofia. Sijui kwa nini alivua, nadhani hata yeye hakujua. Akatuacha tuendelee.

Nyuma kabisa, chini, safu ya rivet ilikatika. Papa Shodronye alisimama mbele ya mahali pamoja, akaweka kiganja kwenye bati.

"Ingia ndani," akaniambia. "Angalia hapa nilipo. Uniambie kama iko tundu tupu, ao iko kintu."

"Twende wote, Papa. Mlango ni mkubwa."

"Upande wangu ni wa nje."

Nikampa kalani mtoto, nikapanda ngazi ya mbao, nikashuka tumboni mwa ile mashua. Kulikuwa na joto na harufu ya kutu na popo. Nilifuata safu kwa mkono, nikisikia vichwa vya rivet chini ya vidole, vyote laini, vyote vimekaa sawasawa. Kazi ya mtu aliyejali. Kisha mkono ukagusa mti.

"Papa! Iko kijiti!"

Nikadhani sauti haikupita. Nikaweka mdomo karibu na bati: "Kuna kijiti kwenye tundu!"

"Unene wake iko upande gani?"

Nikapapasa. Kijiti kilikuwa kimekauka na kuwa kigumu kama mfupa, na kutu ilikuwa imekibana pande zote. Upande mnene ulikuwa umetokeza kwangu. Umechongwa mviringo, kwa uangalifu, kwa kitu butu, pengine kipande cha chuma, maana hawakuruhusiwa visu. Chini yake, kwenye sakafu ya bati, ilikuwa rivet moja nzima, haijapigwa, imelala ilipowekwa.

"Uko huku kwangu," nikasema. "Kimetiwa kutoka ndani."

Nilisikia pumzi yake ikitoka, pumzi ndefu, na paji la uso likigusa bati upande wa pili. Aliiacha rivet ikapoa chini ya chuma chake, yule mfungwa. Akaitoa. Akachonga kijiti, akakitia. Hapa ni petu, tutarudia. Hakukasirika. Nilianza kulia pale gizani, kwa ajili ya mtu ambaye sikuwahi kuona hata jicho lake.

"Nikitoe, Papa? Utaona ndani. Kinaweza kutoka nikikigonga."

"Hapana! Usikitoe."

"Juu ya nini? Kwa nini tukiache?"

Nilisikia kiganja chake kikipapasa bati.

"Ukikitoa," akasema, "nitakuona weye."

Nikaondoa mkono. Nje, kule gatini, mwenye mashua alianza kupiga kengele kuwaita wageni. Na hapo, karibu na kichwa changu, kwa kifundo cha kidole, taratibu: ko, ko.

Vidole vyangu vilitaka kujibu. Mungu anajua vilivyotaka. Nikavibana kwapani, nikangoja naye. Tulingoja mpaka kengele ikapigwa mara ya pili.

"Ndugu yangu," alisema kwenye lile bati, kwa sauti ya mtu anayeongea na aliye karibu. "Wamekuya kuniita. Minaenda."

Kisha nikasikia viatu vyake kwenye kokoto, kimoja kizima na kimoja kinaburutwa, vikielekea kwenye maji.